Nyuzi za Nailoni kwenye Besi la Babu: Kuzifunga na Kuzipima

"Mke wangu, zifunge hizi. Zikiharibika hakuna nyingine."

Babu yangu wa Bunju B ananiita hivyo tangu nikiwa mdogo, huo ndio utani wetu. Lakini siku ile hakuwa anatania. Alinikabidhi pakiti yenye nyuzi nne nyeusi za gitaa la besi ambazo binamu yangu alizinunua Muscat akamletea kwenye begi. Babu ndiye aliyenifundisha kupiga besi kabla sijaja chuo, na pale nyumbani mimi ndiye mwenye vidole vizima. Basi kazi ikawa yangu.

Najua wasomaji wengi wa gazeti hili hawapigi besi. Bado naomba mnifuate. Kuzifunga nyuzi hizo kulinichukua siku moja. Kujua kama sauti yake ni nzuri au mbaya kulinichukua wiki mbili, na hapo katikati nilitoa hukumu ya makosa ambayo nusura imfanye mzee aachane na besi kabisa. Sisi wa ualimu tunasomea kazi ya kutoa hukumu kila siku, kwa hiyo nimeona niandike.

Mzee na vidole vyake

Babu alipiga besi mwishoni mwa miaka ya 1970. Enzi hizo bendi nyingi za Dar zilikuwa mali ya mashirika na viwanda: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, na Mlimani Park iliyoanza 1978 baadaye ikachukuliwa na DDC. Yeye alikuwa kwenye bendi ndogo ya kiwanda kimoja, si hizo kubwa. Bendi ilipokufa akabaki na gitaa lake na marafiki zake.

Miaka sita iliyopita baridi yabisi ilimshika vidole. Nyuzi za chuma zilikuwa zinamkwaruza, akibonyeza anauma meno. Gitaa likapanda juu ya kabati. Mwaka huu dada yangu akapata mchumba, sendofu ikapangwa ukumbini Bunju A, na wazee wanne wa bendi ile wakakubaliana kupiga nyimbo tano. Babu akasema atapiga kama atapata nyuzi laini. Ndipo binamu akaulizia huko aliko.

Uzi huu ni kitu gani?

Uzi wa kawaida wa besi una kiini cha chuma katikati, halafu umezungushiwa waya mwingine. Kama waya huo ni wa duara, uzi unakuwa na mikwaruzo ukiupapasa, na sauti yake inang'aa. Kama waya huo ni bapa, uzi unateleza na sauti inapoa. Uzi wa nailoni ni hatua nyingine tena: ndani una chuma vilevile, lakini juu yake umefunikwa utepe wa nailoni, mara nyingi mweusi. Ukiushika ni kama mkanda laini.

Mtu wa kwanza niliyemwonyesha pale hosteli alisema, "Hizi hazitalia, besi linataka chuma." Sivyo. Pikapu ya gitaa (si gari jamani, ni kile kisumaku chini ya nyuzi) inanasa mtikisiko wa chuma, na chuma kipo, kimejificha tu.

Jambo la pili la kuelewa ni unene. Pakiti yetu iliandikwa 60, 70, 94 na 115, yaani elfu za inchi. Nyuzi za chuma zilizokuwepo zilikuwa 45, 65, 85 na 105. Kwa hiyo mpya ni nene zaidi, lakini usidhani ni nzito na ngumu kwa kiasi hichohicho. Chuma kina uzito wa karibu mara saba ya nailoni kwa ujazo uleule. Sehemu ya unene huo ni utepe mwepesi tu. Na kwa kuwa sauti ya uzi inategemea urefu wake, uzito wake na jinsi ulivyokazwa, uzi mwepesi unafika kwenye noti yake bila kuvutwa sana. Ndiyo maana nyuzi za aina hii nyingi ni laini vidoleni.

Sauti yake watu huifananisha na lile besi kubwa la kusimama. Ukitaka kulisikia hapa kwetu, sikiliza taarabu ya Zanzibar ya vikundi kama Culture Musical Club, ambapo besi hilo linadonolewa kwa vidole nyuma ya fidla na kanuni. Noti inaingia, inajaa, inaondoka.

Kuzifunga

Haya ndiyo niliyoyafanya, kwa mpangilio. Mengine nilielekezwa na babu aliyekaa kwenye kiti chake akinyoosha fimbo.

Kwanza, nilivua uzi mmoja, nikafunga mmoja. Shingo ya gitaa inavutwa na nyuzi muda wote, na ndani yake kuna chuma kinachoivuta upande wa pili. Ukivua nyuzi zote kwa mkupuo, unaiacha shingo ivutwe upande mmoja.

Pili, mifereji. Juu kabisa ya shingo kuna kidaraja chenye mifereji minne ambamo nyuzi zinapita. Mifereji ya babu ilichongwa kwa nyuzi za zamani, kwa hiyo uzi mpya wa G, wenye milimita 1.5 badala ya 1.1, ulikaa juu ya mfereji kama mtu mnene kwenye kiti cha daladala. Ukiuacha hivyo noti inapanda na uzi unaruka. Nilikunja msasa laini kwenye kipande cha uzi wa zamani nikausugua taratibu kwenye mfereji. Hapa ndipo pa kuwa makini: unapanua upana, huongezi kina. Ukichimba chini, uzi ukipigwa mtupu utagonga freti ya kwanza, na huwezi kurudisha ulichokwishaondoa. Nilisugua mara tano, nikajaribu, nikasugua tena.

Tatu, usikate uzi kabla hujaukunja. Nilikuwa nimeshashika plaizi babu akapiga fimbo chini. Uzi huu una tabaka juu ya tabaka. Ukiukata ukiwa umenyooka, waya wa ndani unaweza kulegea kwenye kiini na utepe ukaanza kufunguka, na hapo uzi umekufa kabla haujalia. Unaupima kwenye funguo yake, unaacha sentimita kama kumi za kuzungusha, unaukunja pembe mraba, ndipo unakata mbele ya mkunjo. Halafu ncha inaingia kwenye tundu la funguo na uzi unazunguka ukishuka chini, mizunguko miwili au mitatu inatosha.

Nne, kukaza. Utakaza mpaka noti, utarudi baada ya chai utakuta imeshuka. Usiogope. Vuta uzi kidogo kwa kidole, kaza tena, rudia. Zetu zilitulia siku ya tatu.

Tano, shingo. Kwa kuwa nyuzi mpya zilivuta kidogo kuliko za zamani, chuma cha ndani kilishinda na shingo ikajipinda kwa nyuma. Dalili yake ni kwamba noti za freti za mwanzo zinapiga chenga, krrr. Namna ya kupima: bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, halafu angalia katikati, kama freti ya saba. Panatakiwa kuwe na upenyo mwembamba, kiasi cha unene wa kadi ya biashara. Kwetu hapakuwa na kitu. Nililegeza chuma kwa alenki robo mzunguko tu, tukalala, asubuhi upenyo ukawepo. Ukizungusha zaidi ya robo kwa mara moja unatafuta matatizo.

Sita, oktava. Freti ya 12 iko nusu ya uzi, kwa hiyo noti yake lazima iwe sawasawa na noti ya uzi mtupu, oktava moja juu. Nilipima kwa programu ya simu. Uzi wa E ulipanda kidogo, nikarudisha kitandiko chake kwenye daraja la chini, mbali na shingo, mpaka zikalingana.

Mpaka hapo nilijiona fundi.

Usiku niliohukumu vibaya

Jioni ileile nilichomeka gitaa kwenye amplifaya yangu ndogo ya mazoezi, ina spika ya inchi 6. Nilipiga E. Nikasikia "buf". Nikapiga tena. "Buf." Na nyuma yake mlio wa umeme, zzzz, ambao kwa nyuzi za chuma ulikuwa ukinyamaza nikishika uzi, safari hii haukunyamaza.

Nikamwambia babu bila kupepesa macho, "Babu, hizi hazina sauti. Zinalia kama ndoo ya plastiki."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Basi rudisha zile za chuma, uzipige wewe. Mimi nitakaa na wageni." Akaenda kulala saa mbili usiku. Bibi akaniangalia tu.

Sikulala vizuri. Mezani kulikuwa na madaftari yangu ya somo la upimaji na tathmini, na nadhani kila aliyepita kwenye somo lile anakumbuka maneno mawili: uhalali na uthabiti. Uhalali ni kama kipimo chako kinapima kile unachodai kukipima. Uthabiti ni kama ukirudia utapata jibu lilelile. Nikajiuliza: mimi nimepima nini? Nimepiga noti moja, peke yangu, chumbani, kwenye spika ya inchi 6, siku ambayo nyuzi hazijatulia. Halafu nimetoa jibu kuhusu nyuzi zitakazopigwa ukumbini, na bendi, kwenye spika kubwa. Mtihani wangu ulikuwa batili.

Na sababu ya "buf" ipo, ni fizikia ya kawaida. Uzi wa E mtupu unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo haiwezi kusukuma hewa kwa sauti ya chini kiasi hicho. Ukisikiliza besi kwenye spika ndogo au kwenye simu, sehemu kubwa ya unachosikia ni milio ya juu inayoambatana na noti, ile ya mara mbili, mara tatu, mara kumi na kuendelea, na ubongo wako unajaza ya chini iliyokosekana. Nyuzi za chuma za duara zina milio hiyo ya juu kwa wingi. Nailoni inaizima. Kwa hiyo spika yangu haikuweza kutoa ya chini, na uzi haukuwa na ya juu nyingi. Kilichobaki ni buf.

Nikakumbuka mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili kwenye mazoezi yangu ya kufundisha. Nilimsimamisha mbele asome kwa sauti, akashindwa, nikaandika "dhaifu". Wiki iliyofuata kwenye kazi ya kikundi ndiye aliyewaelewesha wenzake kifungu kizima. Nilirekebisha alama, lakini neno lile alikuwa ameshaliona.

Kupima upya

Asubuhi nilimwomba babu anipe mpaka Jumamosi. Akasema, "Haya." Haya ya kukatia mazungumzo.

Nilipanda daladala mpaka hosteli nikaazima besi la rafiki yangu lenye nyuzi za chuma. Rafiki mmoja wa babu akaleta spika yake ya inchi 15. Wakaja na magitaa mawili, la solo na la ridhimu, na tumba. Tukakaa chini ya mwembe. Wasikilizaji walikuwa watatu: bibi, kaka yangu, na jirani anayeuza mihogo. Wote niliwakalisha wakitupa mgongo, ili wasione besi lipi linapigwa. Nilipiga mstari uleule, kwa sauti iliyolingana, nikibadilisha magitaa bila mpangilio. Vigezo niliandika kabla ya kuanza, maana ukiviandika baadaye utaandika vinavyompendelea uliyekwishampenda:

1. Noti zinatofautiana vizuri, au zinachanganyika?
2. Mlio unakaa muda gani, na je, unawaachia wengine nafasi?
3. Ukiwa na bendi nzima, besi linasikika mahali pake?
4. Mpigaji anaweza kumaliza nyimbo tano?

Besi likiwa peke yake, wote watatu walichagua chuma. Kaka alisema inang'aa. Hapo moyo ukanishuka.

Kisha bendi ikaingia. Gitaa la solo likaanza kuchezea kule juu, ridhimu ikajaza katikati. Sasa ule mng'ao wa chuma ukawa unagombea nafasi na ridhimu, na vidole vyangu vilivyokuwa vikiteleza kwenye nyuzi vikawa vinasikika, kwichi kwichi. Nailoni ikakaa chini ya kila mtu. Noti yake inazimika mapema, kwa hiyo tumba ilipata nafasi ya kujibu. Bibi na jirani wakahamia kwenye nailoni, mara zote tuliporudia. Jirani alisema, "Hiyo siisikii sana, lakini ikikaa kimya najua imekaa kimya." Sijapata kusikia maelezo mazuri zaidi ya kazi ya besi. Kaka alibaki na chuma. Alisema kwenye sehemu za haraka noti za nailoni zinamchanganya, na hakuwa amekosea.

Niseme pia kasoro ya jaribio langu. Magitaa yalikuwa mawili tofauti, yenye mbao tofauti na pikapu tofauti. Sehemu ya tofauti tuliyoisikia inaweza kuwa ya magitaa, si ya nyuzi. Jaribio safi lingetumia gitaa moja, lakini nyuzi hizi si za kuvua na kufunga kila dakika. Nililopata ni jibu la swali dogo: besi hili, kwa bendi hii, ukumbini. Hilo ndilo lilikuwa swali letu.

Kigezo cha nne sikukipima mimi. Babu aliinuka mwenyewe, akachukua gitaa, akakaa. Alianza kwa noti mbili mbili, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu. Alipiga dakika 40. Bibi alihesabu.

Ule mlio wa umeme

Hili nimeliweka peke yake kwa sababu linawahusu hata wasio na nyuzi za nailoni. Kwenye magitaa mengi nyuzi za chuma zimeunganishwa na waya wa ethi kupitia daraja. Ukizishika, mwili wako nao unaungwa na ethi, na mlio wa zzzz unapungua. Nailoni haipitishi umeme, kwa hiyo ukishika uzi huungwi na chochote. Ukigusa daraja la chuma mlio unashuka. Tulichofanya ni kutumia soketi yenye ethi ya kweli, kusogeza waya wa gitaa mbali na waya wa umeme, na babu kuegemeza kiganja kwenye daraja.

Tahadhari: usiseme kwamba kwa kuwa nailoni haipitishi umeme basi uko salama. Daraja, funguo na maikrofoni bado ni chuma. Kama amplifaya inakupiga shoti hata kidogo, chomoa, mwite fundi.

Ukitaka kujaribu

Usimwage boom lako kwa maneno yangu. Kama unapiga kwa kudonoa na kuchapa, kama unarekodi vitu vya kusikilizwa kwenye simu, au amplifaya yako ni ndogo kama yangu, chuma kitakufaa zaidi. Kama unapiga dansi, taarabu, rege au nyimbo za taratibu, kama vidole vinakuuma, au kama nyuzi zako zinashika kutu kwa hewa ya bahari na jasho, nailoni inafaa kujaribiwa. Kabla ya kununua angalia mambo mawili: unene wa nyuzi ulinganishe na mifereji yako, na kama uzi mnene wa E utaingia kwenye tundu la funguo. Zikishafungwa, zipe siku tatu, kisha zisikilize pale zitakapofanyia kazi, pamoja na zitakaofanya nao kazi.

Sendofu ilipita. Wazee walipiga nyimbo tano, wakaombwa ya sita. Kwenye video za simu za wageni besi halisikiki kabisa, na dada ananitania kwamba babu alikuwa anaigiza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na spika. Babu aliposhuka jukwaani nilimpa shikamoo nikamwambia naomba radhi kwa lile neno la ndoo.

"Marahaba," akasema. "Kesho uje unikazie ile A, inashuka."